Wanangu Wananiambia Nipumzike, na Miguu Inazidi Kuisha Nguvu

Mwanangu, pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia.

Nina miaka 73. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikamzika mume wangu, nikaendelea kuishi peke yangu katika nyumba tuliyoijenga pamoja. Nilikuwa nafua, napika, naenda ibadani kwa miguu, na daftari la hesabu la kikundi chetu cha akina mama nilikuwa nalishika mimi.

Mwaka jana niliamka usiku kwenda msalani. Nilipoinuka tu kitandani macho yakaingia giza, nikajikuta niko chini. Kifundo cha mkono kikavunjika. Mwanangu wa kwanza akaja kunichukua, na tangu hapo naishi kwake.

Sina neno juu yake wala juu ya mkewe. Wananipenda na wananitunza. Shida yangu ni kwamba sina ninalolifanya. Nikishika ufagio napokonywa. Nikiingia jikoni mkwe wangu ananiambia, "Mama, kapumzike." Nikitaka kunyoosha miguu nje, mjukuu anaambiwa anisindikize, na mjukuu ana masomo yake, basi naahirisha. Simu yangu yenye akaunti ya benki anayo mwanangu, nisije nikatapeliwa. Nashinda kwenye kochi kutwa. Mkono ulishapona zamani, ila miguu ndiyo inayokwisha. Siku hizi siinuki mpaka nipate cha kushika.

Kuna mambo matatu sijamwambia mtu. Kwanza, niliteleza tena bafuni. Sikuumia, nikanyamaza, maana nilijua nikisema hata kuoga nitasimamiwa. Pili ni mkojo. Ukinibana haunipi nafasi ya kufika. Nimepunguza kunywa maji, na ibadani siendi tena kwa kuogopa aibu. Tatu ni kusahau. Majina yananiponyoka. Wakiongea wengi kwa pamoja mezani napotea, naitikia tu kwa kichwa. Juzi nilijibu jambo ambalo halikuulizwa, nikamwona mwanangu anamtazama mkewe. Kutazamana kule kuliniuma kuliko kule kuanguka.

Natumia dawa za presha na kisukari kutoka kliniki moja, za magoti kutoka nyingine, vidonge vya usingizi tangu nifiwe, na dawa ya mafua ya mzio ya duka la dawa.

Nieleze, mwanangu. Je, uzee ndio huu, niukubali? Nikiwaambia wanangu waniache nifanye mambo yangu, sitaonekana sina shukrani? Na je, nitaweza kurudi nyumbani kwangu?

Mwalimu mstaafu

*

Shikamoo Mama.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: hapana, usiukubali hivyo ulivyo. Katika yote uliyoyaeleza, sehemu ya uzee wenyewe ni ndogo. Sehemu kubwa iliyobaki ina vipimo na mara nyingi ina tiba, na baadhi yake inaletwa na lile kochi.

Naanza na giza lililoingia machoni, kwa sababu ndilo lililokuhamisha kwako na sioni katika barua yako kama kuna aliyelichunguza. Walitibu mkono. Mtu anapoinuka, damu huvutwa kuelekea miguuni, na mwili unatakiwa ubane mishipa na uharakishe moyo mara moja ili ubongo usikose damu. Umri ukienda, kazi hiyo hufanyika polepole. Dawa za presha zinaweza kuipunguza zaidi, kisukari cha miaka mingi kinaweza kudhuru neva zinazoiongoza, na mtu aliyepunguza maji ya kunywa ana damu kidogo zaidi ya kuzungusha. Wewe unayo yote matatu.

Kipimo chake ni rahisi na mashine yoyote ya presha inatosha. Unalala chali dakika tano, unapimwa. Unasimama, unapimwa baada ya dakika moja, kisha tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, chanzo cha kizunguzungu chako kimepatikana, na daktari anaweza kubadilisha dawa, kipimo chake au saa ya kuinywa. Omba kipimo hicho kwa maneno hayo hayo: "Nataka nipimwe presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama." Ukikaa kitini tu ukapimwa, tatizo hili linaweza kupita bila kuonekana. Kwa sasa, ukiamka usiku kaa kwanza pembeni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu, vuta pumzi kidogo, ndipo usimame ukiwa umeshika kitu kisichosogea.

Siku hiyo hiyo chukua mfuko, tia ndani kila dawa unayoimeza, ya kliniki na ya dukani, ya kila siku na ya mara moja moja, umpelekee daktari mmoja azione zote kwa pamoja. Kliniki mbili zinakupa dawa na duka la dawa linakuongezea, na yawezekana hakuna hata mmoja aliyekaa akazitazama pamoja. Mbili kati ya hizo zinanitia wasiwasi. Vidonge vingi vya usingizi, hasa vya jamii ya diazepam, huongeza kuanguka na kuchanganya mawazo kwa mtu wa umri wako. Dawa za mzio za zamani, zile zinazoleta usingizi kama chlorpheniramine, hukausha kinywa, husumbua kibofu na hufifisha kumbukumbu. Zote zimo katika Orodha ya Beers, ambayo madaktari huitumia kujua dawa za kuepukwa kwa wazee. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1991 na imehuishwa mara kadhaa, mara moja ikiwa mwaka 2023. Lakini Mama, usiache kidonge chochote kwa uamuzi wako mwenyewe. Vidonge vya usingizi vilivyotumika muda mrefu vikikatwa ghafla vinaweza kuleta hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Nina jambo moja zaidi la kukuomba umuulize daktari huyo, nalo ni mifupa. Mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, bila kugongwa wala kudondoka kutoka juu, na mfupa ukavunjika, hiyo ni dalili ya kuchunguza kama mifupa imekuwa myepesi. Wanawake waliokoma hedhi ndio hasa wanaopatwa na hali hiyo, na kifundo cha mkono mara nyingi ndicho kinachotangulia. Kikishaungwa watu husahau, halafu miaka michache baadaye inavunjika nyonga, na nyonga ni msiba mkubwa zaidi. Zipo dawa za kuimarisha mifupa. Usikubali mkono wako uhesabiwe kuwa ajali iliyopita.

Sasa miguu. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanao, ingawa najua wanafanya kwa mapenzi. Msuli usiotumika hupungua, na kwa mtu mzima hupungua haraka na kurudi polepole. Unapokaa kutwa ili usianguke, unapoteza nguvu ile ile inayokuzuia kuanguka. Habari njema ni kwamba msuli wa mzee bado unaitikia kazi. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Maria Fiatarone na wenzake, waliowafanyisha mazoezi ya uzito wakazi wa makao ya wazee wenye umri wa miaka 90 hivi. Mazoezi yalidumu wiki nane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao waliacha kutembelea fimbo. Ulikuwa utafiti mdogo wa watu kumi tu, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha kuwa mazoezi ya nguvu huwasaidia wazee. Wewe una miaka 73, Mama. Ungekuwa miongoni mwao ungeitwa binti.

Anza na kochi lenyewe, au afadhali kiti kigumu chenye mikono, kilichoegemezwa ukutani. Simama, kaa, simama, kaa. Siku za mwanzo sukuma kwa mikono, si vibaya. Fanya mara tano, pumzika, fanya tano tena. Ukishuka, shuka taratibu, usijiachie ukadondoka kitini, maana kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Ukizoea, punguza msaada wa mikono mpaka uikunje kifuani. Kisha simama nyuma ya kiti, ushike egemeo lake, inuka kwa ncha za vidole vya miguu, shuka. Halafu weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, usimame hivyo ukiwa karibu na cha kushika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, pamoja na angalau dakika 150 za kutembea kwa mwendo wa kuongeza mapigo ya moyo au kazi inayolingana na hiyo. Usitishwe na hizo dakika 150. Dakika kumi za leo ni bora kuliko sifuri, na mwongozo wenyewe unasema hivyo. Kufagia na kupika vinahesabiwa pia. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, acha na umwone daktari. Na ule protini kwenye kila mlo, mayai, samaki au jamii ya mikunde, isipokuwa kama figo zako zina tatizo na umekatazwa.

Kuhusu mkojo naomba nikuondolee aibu kabisa, kwa sababu aibu ndiyo inayokunyima tiba. Wanawake wengi mno wanalo tatizo hili, na wengi wao wananyamaza kama wewe. Kupunguza maji hakusaidii. Mkojo mzito hukichokoza kibofu kikabana zaidi, choo kikubwa kinakuwa kigumu na kukikandamiza kibofu, na kile kizunguzungu cha kuinuka kinaongezeka. Halafu uzeeni kiu yenyewe hupungua, kwa hiyo ukisubiri kuona kiu utakuwa umechelewa. Kama hujakatazwa na daktari wa moyo au figo, kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, upunguze saa chache kabla ya kulala. Kama dawa yako ya presha ni ile inayoongeza mkojo, uliza ikiwa unaweza kuinywa asubuhi. Kama miguu huvimba jioni, inyanyue juu ya stuli alasiri, kwa sababu maji yale yale ndiyo yanayorudi usiku kukuamsha.

Kisha kuna mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano, legeza, hesabu tano tena. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na uyafanye ukiwa umekaa au umelala, siyo wakati unakojoa. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa, kwa wengi karibu miezi mitatu, hivyo usikate tamaa mapema. Yanasaidia pia ule mbano wa ghafla: ukija, simama hapo ulipo, kaza mara kadhaa haraka, ungoje upoe, ndipo uende kwa utulivu. Wazee wengi huanguka wakiukimbilia mkojo. Ila kwanza upimwe, kwani sukari iliyopanda na maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyo hiyo, na ukiona damu kwenye mkojo usingoje hata wiki. Ibadani rudi. Vaa pedi za kunyonya mkojo, kaa karibu na mlango, hakuna atakayejua.

Kumbukumbu ndiyo inayokutisha zaidi, naona hata mwandiko wa barua unabadilika ulipofika hapo. Jina linaloponyoka na kurudi baadaye, wengi wetu tunalo. Kinachomtia daktari wasiwasi ni kupotea njia uliyoizoea, kushindwa kufuata hatua za jambo ulilolifanya maisha yote, kuuliza swali lile lile muda mfupi baada ya kujibiwa bila kukumbuka kwamba uliuliza. Hayo sijayasoma kwako. Nilichokisoma ni mtu anayepotea wanapoongea wengi, na akajibu lisiloulizwa. Mama, hiyo inafanana sana na masikio. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na ndizo zinazobeba konsonanti, kwa hiyo unasikia kwamba mtu anaongea ila maneno hayaeleweki, hasa penye kelele. Ambacho hukukisikia sawasawa hukukihifadhi, na usichokihifadhi huwezi kukikumbuka.

Nenda ukapimwe usikivu. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba. Kama ni uzee wa sikio, kifaa cha kusikia hutafsiriwa na wengi kama tangazo la uzee, lakini kuitikia kwa kichwa jambo usilolielewa kunakuzeesha zaidi machoni pa watu. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet kuhusu demenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa huo na yanayoweza kupunguzwa. Miongoni mwake ni kupungua kwa usikivu, macho yasiyotibiwa, presha, kisukari, kutofanya mazoezi, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na upweke. Ukiyasoma hayo utaona kwamba maisha ya kochini yanakusogeza karibu na kile hasa wanachokiogopa wanao. Daktari apime pia vitamini B12, ambayo ikipungua hufifisha kumbukumbu. Kama dawa yako ya kisukari ni metformin, kuitumia muda mrefu kunaweza kuishusha vitamini hiyo. Apime na tezi ya shingo, akuulize pia kuhusu huzuni. Ulifiwa na mwenzio, ukahamishwa kwako, ukanyang'anywa kazi. Sonona ya wazee mara nyingi huja ikiwa imevaa sura ya kusahau, na inatibika.

Sasa wanao. Hili la kuanguka bafuni waambie, Mama, na uwaambie wewe kabla hawajaligundua. Najua unachohofia. Lakini siku watakapojua kuwa ulificha, kila utakalosema kuhusu nguvu zako watalitilia shaka, na hapo ndipo utakaposimamiwa kweli. Ukilileta mwenyewe pamoja na mpango, unabaki kuwa mama mwenye kauli. Waite mwanao na mkewe wakati hakuna haraka, televisheni imezimwa ili usikie, useme kwa sauti yako ya darasani: "Nimeanguka mara mbili. Nataka tujue sababu. Nitakwenda kwa daktari na nataka mmoja wenu anisindikize akasikie. Na nataka kurudishiwa kazi, kwa sababu kukaa kunaniua miguu."

Halafu taja kazi zenyewe. Usiombe "kusaidia", omba jambo liwe lako. Chakula cha siku fulani ni chako tangu kuchagua mpaka kupakua. Masomo ya mjukuu ni yako, wewe ni mwalimu. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha jaribio walilolifanya kwenye makao ya wazee. Kundi moja lilikumbushwa kwamba maamuzi ni yao, likachagua siku ya kutazama sinema na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, ila wahudumu ndio waliomwagilia. Waliotunza wenyewe walionekana wachangamfu zaidi, wenye furaha zaidi, na wakashiriki zaidi na wenzao. Msomee mkwe wako sehemu hii. Si mkatili, anadhani anakupumzisha.

Na wewe uwe tayari kuachia baadhi ya mambo. Kupanda stuli kufikia kabati la juu, basi. Malapa yanayoteleza, basi. Bafuni wafunge vyuma vya kushika ukutani, waweke mkeka usioteleza, na taa ndogo iwake usiku kucha kati ya kitanda na choo. Hakuna hata kimoja hapo kinachokushushia heshima. Shukrani yako haipungui ukisema hayo, kwa sababu unawapunguzia mzigo wa kukulinda.

Simu idai kwa upole lakini usirudi nyuma. Hofu yao ina msingi, matapeli wanawalenga wazee. Wekeni sharti moja mkubaliane: mtu yeyote akipiga kuomba pesa au namba ya siri, hata akijiita benki au ndugu, unakata, unampigia mwanao kwa namba unayoijua. Kiwango cha kutoa kwa siku kinaweza kushushwa. Namba ya siri inabaki kichwani mwako. Na wakati akili yako iko timamu hivi, andika wosia kwa taratibu za sheria, uandike pia nani aamue matibabu yako siku ukishindwa kusema. Jambo hilo lifanye wewe, lisisubiri wao waje kulikisia wodini.

Kuhusu kurudi kwako, sikuambii hapana, nakuambia bado. Presha ya kulala na kusimama ijulikane, dawa zipunguzwe zile zinazoweza kupunguzwa, nyumba ile iwekewe taa na vyuma vya kushika, apatikane mtu wa kukujulia hali kila siku. Na wewe uinuke kitini mara tano mfululizo bila kushika kitu. Ukifika hapo, rudi kwa majaribio, siku chache kwanza, mwanao akijua na ufunguo mmoja akiwa nao yeye. Ukiona usiku ni mzito kuliko ulivyodhani, una pa kurejea, na kurejea hakutakuwa kushindwa.